Kifaa cha Bondeni Kitasikikaje? Vipima Vinavyopokezana Habari, na Kazi ya Jirani





Bonasi ya chai ilipolipwa, kikundi kimoja cha kujisaidia kilikuja ofisini kwetu na swali. Walikuwa wametembelewa na muuzaji mwenye kifaa kidogo cha kupima baridi. Aliwaeleza kwamba kifaa hicho hupima hali ya shamba usiku kucha, na jalidi ikikaribia hutuma habari kwa simu. Alikijaribu juu kando ya barabara ya lami, na kweli simu ikalia. Lakini wanakikundi walipomwomba ateremke nacho hadi bondeni, kwenye mashamba yanayoungua, kifaa kilinyamaza. Juu, mahali ambapo jalidi haifiki, kinaongea. Chini, mahali inapoumiza watu, hakisemi neno. Mama mweka hazina akatuuliza, "Sasa tununue, ama tuache pesa benki?"

Tuliwaomba watupe muda tuulize na tusome. Yale tuliyoyapata tunayaandika hapa, kwa sababu tunajua vikundi vingine pia vitaletewa vifaa vya namna hii, na pesa ya kikundi ikishatoka ovyo hairudi.

KWA NINI BONDE HUUNGUA, NA KWA NINI HUNYAMAZA

Wengi wetu tunakumbuka Januari 2012, jalidi ilipounguza chai katika sehemu kadhaa za Bonde la Ufa. Jalidi huja usiku usio na mawingu wala upepo, hasa kati ya Desemba na Februari. Ardhi hupoa haraka, na hewa iliyo karibu nayo hupoa pia. Sasa hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Basi huteremka polepole kama maji na kujikusanya bondeni. Ndiyo maana majirani wawili wanaweza kuamka na habari tofauti: wa mteremkoni anachukua kikapu aende kuchuma, na wa karibu na mto anatazama majani yaliyokauka kama yamepitiwa na moto.

Kwa hiyo kipima kimoja kilichowekwa juu hakitoshi. Kinasema ukweli wa pale kilipo tu. Tukitaka kujua hali ya bonde zima, lazima tupime mahali pengi: juu, katikati, chini, na ng'ambo ya mto.

Hapo shida ya pili inaingia. Vifaa hivi hutuma habari kwa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo hayapiti ndani ya kilima. Miti minene nayo huyapunguza nguvu, zaidi majani yakiwa yamelowa mvua. Hili si geni kwenu. Kila mtu anajua ile sehemu ya shamba ambapo lazima upande juu kidogo ndipo simu ishike netwaki.

Mtu anaweza kusema, basi tujenge mnara mrefu zaidi. Lakini mnara ni ghali, na hata mnara mrefu namna gani, bado kuna nyuma ya kilima. Iko njia nyingine. Badala ya kifaa cha bondeni kujaribu kupiga kelele hadi juu, kinamnong'oneza jirani, na jirani anapeleka mbele.

NDURU KUTOKA KILIMA HADI KILIMA

Wazee wetu waliijua njia hiyo kabla ya redio. Ng'ombe walipoibwa usiku, mwenye boma alipiga nduru. Sauti yake haikufika kilima cha tano, lakini ilifika kwa jirani. Jirani naye akapiga nduru, ikasikika ng'ambo, na kwa muda mfupi nchi nzima imeamka. Hakuna aliyekuwa na sauti ya ajabu. Kilichofikisha habari mbali ni kwamba kila aliyesikia aliipokeza.

Vipima vinavyofanya hivyo tunaweza kuviita mtandao wa wavu, kwa sababu kila kifaa kimefungamana na majirani zake kama mafundo ya wavu wa samaki. (Watu wengine huviita vipima hivi "sensa". Msichanganye na ile sensa ya kuhesabu watu ya mwaka 2019!) Kila kifaa kina vitu vinne: kipima chenyewe, redio ndogo, betri, na kwa kawaida paneli ndogo ya kupata nguvu ya jua. Mwisho wa safari kuna kifaa kikubwa kidogo tutakachokiita lango. Lango huwekwa mahali penye netwaki na stima, tuseme shuleni au kwenye ukumbi wa kanisa. Hilo ndilo hupokea habari za vifaa vyote na kuzituma kwenye simu za wanakikundi.

Tofautisha wavu na mpango mwingine, ule wa nyota. Katika nyota kila kifaa huongea moja kwa moja na lango, bila kupitia kwa jirani. Mpango huu pia ni mzuri pale unapofaa. Kule Nyeri, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi wamepima kina cha maji ya mto Muringato na mito ya bonde la juu la Ewaso Nyiro kwa vifaa vinavyotumia mawimbi yaitwayo LoRa. Mawimbi hayo hubeba habari fupi kwa nguvu kidogo sana, na mahali pa wazi hufika kilomita kadhaa. Kama shamba lenu linaonekana lote kutoka mahali pamoja, nyota inatosha. Msinunue wavu bure. Wavu ni wa nchi yenye mikunjo, na nchi yetu ya Kericho na Bomet ina mikunjo mingi.

WAVU UNAVYOJIPANGA WENYEWE

Jambo lililotushangaza sisi ni hili: hakuna mtu anayekaa kuamua kifaa gani kimpe nani habari. Vifaa vyenyewe vinapanga. Tuchukue mfano. Lango liko kwenye ukumbi wa kanisa kilimani. Kifaa cha kwanza kiko kwenye kituo cha kununulia majani chai. Cha pili kiko darajani. Cha tatu kiko kwenye chemchemi, chini kabisa. Cha nne kiko ng'ambo ya mto, shambani kwa mzee wa mtaa, na kutoka pale ukumbi unaonekana.

Kwanza, kila kifaa kikiwashwa kinasalimu: "Niko hapa, nani ananisikia?" Walio karibu hujibu.

Pili, kila kimoja husema kiko hatua ngapi kutoka langoni. Cha kituo cha majani kinasikika na lango lenyewe, basi kiko hatua moja. Cha darajani hupitia kwa cha kituo, basi kiko hatua mbili. Cha chemchemi hupitia darajani, basi kiko hatua tatu.

Tatu, kifaa huchagua wa kumpa habari kwa kuangalia mambo mawili: nani ana hatua chache, na nani anasikika vizuri. Wakati mwingine njia ndefu isiyokatika ni bora kuliko ya mkato inayokatika kila mvua ikinyesha.

Nne, salamu hizo zinarudiwa kila baada ya muda. Tuseme ng'ombe ameangusha kifaa cha kituo cha majani. Cha darajani kinangoja, hakipati jibu, basi kinatafuta mwingine. Kinamsikia wa kwa mzee wa mtaa, ambaye naye anafika langoni. Habari za chemchemi sasa zinapita ng'ambo ya mto. Fundi hajaitwa, na pengine wenyewe hamjui hata kwamba kifaa kimeanguka.

Tano, kila habari ina namba yake, na ina kikomo cha kupokezwa. Kifaa kilichokwisha kusikia namba hiyo hakiirudii tena. Bila hivyo habari moja ingezunguka bondeni mpaka asubuhi, kama uvumi.

Si mitandao yote ya wavu hufanya sawasawa. Mingine haichagui njia: kila anayesikia anarudia mara moja, na kikomo ndicho kinachozuia kelele. Mfano unaokaribia huo ni Meshtastic, programu ya bure iliyoanza mwaka 2020. Kwa kawaida, ujumbe katika Meshtastic hupokezwa mara 3 tu, isipokuwa wenyewe wabadilishe.

MAMBO AMBAYO MUUZAJI HUENDA ASIWAAMBIE

Wavu una faida, lakini una madeni yake.

La kwanza ni betri. Kifaa kinachopokeza habari za wengine huchoka haraka kuliko kinachosema habari zake tu. Na kilicho karibu na lango ndicho huchoka zaidi, kwa sababu habari za bonde zima zinapita kwake. Kwenye mfano wetu ni kile cha kituo cha majani. Hicho kipewe betri kubwa na paneli kubwa kuliko wenzake. Kumbukeni pia kwamba miezi kama Julai na Agosti jua letu ni haba. Kifaa kilichojaribiwa Januari bado hakijajaribiwa.

La pili ni wavu wenye mlango mmoja. Kama kile cha kwa mzee wa mtaa kisingekuwepo, kifaa cha kituo kikianguka, bonde lote linanyamaza. Hapo tungekuwa tumenunua mnyororo tukidhani ni wavu. Kanuni rahisi ya kukumbuka: kila kifaa kisikike na majirani wawili au zaidi.

La tatu ni msongamano. Vifaa vinatumia hewa moja, na vikiongea pamoja vinafunikana, kama mkutano usio na mwenyekiti. Wavu huu ni wa habari fupi: nyuzi za joto, kina cha maji. Si wa picha wala wa kuongea kwa simu. Kuongeza vifaa husaidia pale palipo na pengo. Kurundika vifaa mahali pamoja ni kuongeza kelele.

La nne ni sheria. Vifaa vya redio vinatakiwa viwe vimekubaliwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mwombeni muuzaji awaonyeshe karatasi. Tena mwulizeni habari za mashamba yenu zitawekwa wapi na nani atazisoma. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na habari inayomhusu mtu haichukuliwi kiholela.

La tano ni kubwa kuliko yote: kuonywa si kuokolewa. Kifaa hakizuii jalidi. Simu ikilia saa tisa za usiku, mkulima wa chai iliyokwisha kukomaa hana la kufanya usiku huo. Mwenye kitalu anaweza kukimbia kufunika miche kwa nyasi au turubai. Faida kubwa zaidi huja polepole. Mkipima misimu miwili au mitatu, mtajua ni kona zipi hewa baridi inalala. Hapo mnaweza kuamua mche mpya wa chai usipandwe pale, mpande kitu kingine. Mnaweza pia kuangalia kama kuna ua mnene uliokatiza mteremko, ukazuia hewa baridi kama bwawa linavyozuia maji. Ua huo ukifunguliwa njia kwa chini, baridi inaendelea na safari yake.

WATU PIA NI MTANDAO

Tusifikiri kupima ni jambo la wageni. Sehemu zetu zimepimwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa serikali za Afrika Mashariki walianza kupima maji ya kijito cha Sambret, karibu na Kericho, ili wajue mto utakuwaje msitu ukigeuzwa kuwa shamba la chai.

Karibu zaidi na siku zetu, kuanzia mwaka 2014 watafiti waliweka vituo vya kujipima vyenyewe kwenye vijito vinavyotoka Mau kusini-magharibi. Kimoja kilikuwa kwenye msitu, kingine kwenye mashamba madogo, kingine kwenye mashamba makubwa ya chai, na kila dakika 10 vilipima kina na hali ya maji. Halafu mwaka 2016 wakajaribu jambo jingine kwenye bonde la mto Sondu, ambao hupokea maji ya mito yetu mingi, Kipsonoi ukiwemo. Walisimamisha mbao 13 za kupimia kina cha maji, kila moja na bango la maelezo. Mpita njia yeyote angeweza kusoma namba, kuituma kwa ujumbe wa simu, na kujibiwa papo hapo.

Mwaka wa kwanza watu 124 walituma vipimo 1,175 vilivyo sahihi. Walipovilinganisha na mashine, vilikuwa vizuri kabisa. Lakini angalieni hili: zaidi ya nusu ya watu hao walituma mara moja tu. Waliotuma zaidi ya mara kumi walikuwa 13.

Sisi tunalisoma hivi. Wananchi wa kawaida wanaweza kupima vizuri kama mashine. Kinachokosekana ni wa kuendelea. Na kifaa nacho ni vivyo hivyo: siku ya kukizindua kila mtu yuko, kuna soda na picha. Mwezi wa sita, nani anafuta vumbi kwenye paneli? Nani ameona panya amekata waya? Vifaa vinaweza kujipanga vyenyewe, lakini haviwezi kujitunza vyenyewe.

KABLA YA KUTOA PESA

Hizi ndizo hatua tunazoshauri.

1. Andikeni swali lenu kwa sentensi moja. "Ni mashamba gani huungua na jalidi?" ni swali. "Tunataka teknolojia" si swali.

2. Anzeni kupima kwa mkono. Kwa baridi, nunueni vipima joto vya kawaida vinavyoonyesha kiwango cha chini kabisa cha usiku. Viwekeni kwenye kimo cha majani ya kuchumwa, kwa maana hewa ya juu kidogo huwa na joto kuliko pale jalidi inapokaa. Kwa chemchemi, chukueni mtungi wa lita 20 na saa. Ukijaa kwa sekunde 40, mnapata nusu lita kila sekunde, yaani lita 1,800 kwa saa. Rudieni kila wiki na muandike kwenye daftari.

3. Chorani ramani ya bonde. Wekeni alama mahali penye shida, penye netwaki, na nyumba zilizo tayari kutunza kifaa.

4. Mkikubali kununua, ombeni kwanza vifaa vitatu vya kujaribu. Tembeeni navyo siku ya mvua, si siku ya jua tu. Zimeni kimoja makusudi muone kama habari bado inafika. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mwambieni asante na aende.

5. Kila kifaa kiwe na nyumba yake na jina la mtu kwenye daftari. Wekeni akiba ya betri kutoka mwanzo. Na mtunzaji alipwe japo kidogo, hasa yule wa karibu na lango, kwa sababu anabeba mzigo wa wengine.

6. Msiruke shamba la mtu kwa sababu ya ugomvi. Kwenye wavu, jirani uliyemruka anaweza kuwa ndiye njia pekee ya habari yako.

Hatua hiyo ya sita ilileta mazungumzo marefu kwenye kile kikundi tulichotaja mwanzoni. Kwenye ramani yao, kifaa cha chini kabisa hakingefika juu bila kupita kwenye shamba la familia iliyojitoa kikundini miaka iliyopita kwa ajili ya kesi ya mpaka. Hakuna mnara wala fundi wa kuwasaidia hapo. Wazee wawili walienda nyumbani kwa familia hiyo jioni moja. Walikaribishwa chai.

Kwa sasa pesa ya kikundi bado iko benki. Wamenunua vipima joto vitano vya kawaida, wakavipanga kutoka mtoni hadi barabarani, na kimoja kiko kwa familia ile. Kila asubuhi kila nyumba inatuma namba kwa simu ya mama mweka hazina. Madaftari yatafunguliwa kwenye mkutano wa Machi, na hapo ndipo wataamua kama wanahitaji vifaa, na vingapi.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili ni mmoja wenye viungo vingi, na kiungo kinachoonekana dhaifu hakiwezi kuachwa. Someni sura ya 12 ya barua yake ya kwanza mkiwa jumuiyani, halafu mjadiliane.

MASWALI YA KIKUNDI

ONA: Katika bonde letu, ni nani ambaye habari zake hazifiki juu? Ni za baridi, za maji, ama za shida nyingine?

AMUA: Je, tunakosa vifaa, ama tunakosa mtu wa kupokeza? Kuna jirani gani tuliyemruka?

TENDA: Kabla ya mkutano ujao, tutapima nini kwa mkono, nani ataandika, na daftari litakaa kwa nani?

Kikundi kitakachoanza kupima, tafadhali mtuandikie mlichokiona, hata kama ni kidogo. Tutawapasha wengine.